Usiku mmoja katika magazini ya Mustafa, kule Singapore



Wengi mmenisikia nikihadithia safari yangu ya Singapore vipande vipande, mara kwenye mkutano, mara njiani tukitoka sokoni. Mama katibu ameniomba niiandike yote, na nimekubali. Kuna sehemu moja ambayo wamama wa kikundi changu tu ndio wanaijua. Nayo nitaiandika, maana ndiyo yenye faida kwenu.

Ilikuwa mwezi wa saba, mwaka 2018. Binti yangu mkubwa alikuwa anamaliza masomo kule, nami nikaenda kwa sherehe ya kupewa diploma. Kabla sijaondoka Goma, wamama 12 wa kikundi chetu walinitolea kila mmoja dola 20 za Marekani, pamoja na karatasi ndogo: huyu lunete za kusomea, huyu termosi, huyu sufuria, huyu saa ya mkono, na karibu wote ile dawa ya kujipaka ya Tiger Balm, ambayo kampuni yake iko huko Singapore. Jumla dola 240. Nikazishona ndani ya kitambaa peke yake, mbali na feza zangu.

Sherehe ilipoisha binti akaniambia, "Mama, kuna magazini moja haifungwi usiku wala mchana. Twende usiku, joto likipungua." Nikadhani ananitania. Kwetu saa kumi na mbili na nusu mwenye butike anateremsha mlango wa chuma, anafunga kufuli mbili na anarudi nyumbani kabla giza halijamkuta njiani. Mtu anayeuza usiku wa manane, anamuuzia nani?

Tulitoka kwenye treni ya chini ya ardhi kituo cha Farrer Park, saa tano ya usiku. Mtaa ule unaitwa Little India, yaani India Ndogo. Pale unasikia harufu ya maua ya jasmini, bizari na mafuta ya kukaangia. Ilikuwa Jumapili, siku ya mapumziko ya wafanyakazi wanaotoka India na Bangladesh kujenga majumba ya ule mji. Walijaa njia nzima, wengine wamekaa chini wakizungumza na simu, bila shaka na wake zao na mama zao. Barabara inaitwa Syed Alwi, na magazini ya Mustafa inaanza kona hii na kuishia kona ile.

Historia yake nilihadithiwa na binti. Baba mmoja kutoka India ya kaskazini, Mohamed Mustafa, alikuwa na mkokoteni wa kuuzia chakula katika njia ya Campbell Lane. Mtoto wake mdogo Mustaq alisimama kando yake akiuza leso za mkononi. Mwaka 1971 walifungua duka dogo la nguo. Mwaka 1995 wakafungua jengo hili la Syed Alwi, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakaanza kuuza saa 24. Inasemekana mle ndani kuna zaidi ya aina 300,000 za vitu. Nilifikiri wamama wetu wanaouza beignets kando ya barabara, na watoto wao wakiuza leso na biki pembeni. Mwanzo ni uleule.

Mlangoni kuna mlinzi. Ukiwa na mfuko mkubwa anaufunga kwa kamba ya plastiki ili usitie kitu ndani njiani. Ukishalipa, mfuko wa vitu vyako nao unafungwa hivyohivyo. Kando ya mlango kuna wabadilisha feza. Siku ile dola moja ya Marekani ilinipa karibu dola moja na senti 35 za Singapore. Dola 240 za wamama zikawa 324 za kwao. Nikaandika hesabu hiyo kwenye daftari, kila mama 27.

Kisha tukaingia, na hapo kichwa kikaanza kuzunguka. Ghorofa ya chini ni dhahabu, ukuta mzima unang'aa mpaka unafumba macho. Bei ya gramu ni ya siku ileile, halafu unalipa kazi ya mfua dhahabu juu yake. Mbele kuna saa, manukato na dawa. Panda juu, unakuta chakula: magunia ya mchele ya kila namna, tende, dengu, bamia, bizari kwa kilo, na chokoleti zimepangwa kama matofali. Teremka chini ya ardhi, unakuta nguo na vyombo vya umeme. Njia kati ya rafu ni nyembamba, watu wawili wenye vikapu hawapishani bila kuombana samahani. Saa sita ya usiku nilimwona mama akisukuma mtoto aliyelala kwenye kigari, juu yake amepakia nepi na vitunguu.

Watalii wenzangu niliwatambua mara moja. Sisi tulikuwa na valizi mpya tupu, tunazinunua palepale na kuzijaza palepale. Wenyeji walinunua vitunguu.

Tena pale hakuna kupatana bei. Nilijaribu. Nilichukua pea tatu za lunete nikamuuliza dada muuzaji, binti akitafsiri, bei ya mwisho ni ngapi. Akatabasamu akanionyesha karatasi iliyobandikwa. Bei ya kwanza ndiyo ya mwisho. Kumbe ndiyo hatari yenyewe. Kwa Birere, ukipatana bei na muuzaji kwa nusu saa, moyo unapata muda wa kuuliza kama kile kitu unakihitaji. Kwa Mustafa, mkono unachukua, kikapu kinapokea, hakuna anayebishana nawe.

Kabla ya saa sita tulilipia dawa na lunete, dola 82 za kwao. Tukarudi ndani kwa vitu vilivyobaki. Hapo ndipo nikaiona sufuria ya umeme ya kupikia mchele. Nyeupe, kifuniko cha kioo, bei ya zamani imekatwa mstari mwekundu, chini yake imeandikwa 54. Feza zangu mwenyewe zilikuwa zimekwisha. Nikafanya hesabu ya haraka, ile ambayo kila mama aliyewahi kushika sanduku la kikundi anaijua: nitazitoa hapa, nitazirudisha nyumbani, hakuna atakayejua.

Binti aliniangalia nikifungua kitambaa. Hakusema neno. Pale mahali pa kulipia feza hazikutosha, nikaondoa vitu viwili vya mwisho kwenye kikapu: termosi ya mama mmoja na sufuria ya mama mwingine. Dola 27 na dola 27. Sufuria yangu ilikuwa na bei ya wamama wawili kamili.

Kuna jambo lingine tulilojifunza usiku ule. Nchi ile inamrudishia mtalii kodi ya vitu alivyonunua, wakati ule ilikuwa asilimia 7, kama amenunua kwa dola 100 au zaidi na anaonyesha pasipoti. Risiti zinaweza kuunganishwa, lakini ziwe za siku moja. Risiti yetu ya kwanza ilikuwa ya kabla ya saa sita, ya pili baada yake. Tarehe mbili! Zile 82 hazikuhesabiwa. Tulipoteza dola 5 hivi kwa sababu hatukuangalia saa, katika nyumba ambayo wakati ule haikujua saa.

Tulitoka saa nane na nusu. Mama mmoja mwenye umri wangu alikuwa anafuta sakafu mlangoni. Tulisalimiana kwa vichwa. Nilipita na boksi langu nikaona haya, ingawa yeye hakujua lolote.

Nilipofika Goma, usiku wa kwanza sikulala. Jumamosi, kabla ya kufungua valizi mbele ya kikundi, nikasimama nikasema yote. Mama mweka hazina alisoma kanuni: anayetumia feza za wenzake bila ruhusa anazirudisha na kutoa faini ya dola 5 kwenye mfuko wa msaada. Nikatoa. Dola 40 nilizirudisha kwa mara mbili, nilipopata zamu yangu ya likelemba na mwezi uliofuata.

Faini haikuniumiza. Kilichoniumiza ni yule mama wa termosi. Alikuwa anamlaza mama mkwe mgonjwa, na alitaka kitu cha kutunza uji moto usiku, asiwashe makala saa tisa. Nilitarajia anikemee. Akasema tu, "Haizuru, mama." Kesho yake nikaenda Birere, nikapata termosi nzuri kwa dola 9, nikampelekea. Dola 9, wamama, mwendo wa dakika 20 kutoka kwake. Wote wawili tuliamini lazima itoke mbali.

Na ile sufuria ya umeme? Waya wake una meno matatu bapa, ukuta wa nyumba yangu una matundu ya mviringo. Nikanunua kigeuzi dola 3. Birere nyingine kama hiyo ilikuwa dola 45. Yangu ilikuwa 40, na kigeuzi 43. Nilipata faida ya dola 2 na kutoa faini ya 5. Umeme nao unakuja unapotaka.

Mama atakayesafiri, iwe Dubai, Guangzhou, Kampala au Singapore, ashike haya machache.

Kwanza, pita sokoni kwetu uandike bei ya kila kitu ulichotumwa. Usipojua bei ya nyumbani, huwezi kujua kama umepata nafuu.

Pili, feza za wengine zitumie kwanza, zote, na risiti zake, ndipo ufungue mkoba wako.

Tatu, kwa chombo cha umeme, angalia meno ya waya kabla ya kuangalia bei.

Nne, uliza sheria ya kodi ya mtalii mlangoni, usingoje mwisho.

Tano, usinunue usiku ukiwa umechoka na taa zinawaka kama mchana. Tena tangu corona, magazini ile imepunguza saa zake, kwa hiyo uliza kwanza inafungwa saa ngapi.

Sisemi msiende. Nilifurahi kuiona, na nikipata nafasi nitarudi, hata kama ni kwa ajili ya ile harufu ya bizari tu. Na mwenye harusi ambaye nyumbani kwake kuna umeme, aje aazime sufuria. Kigeuzi kiko ndani ya boksi.