Kapteni wa Buseresere

Chuoni nilisoma kuhusu Dada (si dada wa kuzaliwa): wasanii waliokimbia vita, wakafungua Cabaret Voltaire mjini Zurich, Februari 1916. Hugo Ball alisoma pale mashairi ya sauti tupu, yasiyo na neno lenye maana. Dunia imepoteza akili, na shairi je? Nilivutiwa mno.

Babu sikumkumbuka kabisa. Kwetu Buseresere, akichangamka tu anaweka fimbo begani kama bunduki, anapiga kwata uani, anajiita Kapteni. Wajukuu tulicheka mpaka machozi. Kumbe ilikuwa beni, ngoma aliyoirithi kwa baba yake.

Beni ilianzia pwani, lakini vita ile ile ndiyo iliyoitawanya bara. Julai 1916 Waingereza waliiteka Mwanza, jirani na kwetu. Askari na wapagazi waliorudi walikuwa na vyama vyao, Marini na Arinoti, na vyeo vya kujipa wenyewe. Kwata ya Mzungu wakaigeuza ngoma, na serikali ya kikoloni ikawatilia shaka.

Kule Zurich waliikimbia vita. Hawa waliibeba kichwani, kisha wakaicheza.

Mimi ni mwandishi wa habari, kazi yangu kuuliza. Babu nimemzika bila kumuuliza hata swali moja.