Marinda ya Siku ya Kazi

Edinburgh ya leo haina uhaba wa kilti. Ukiteremka Royal Mile kutoka ngomeni, maduka ya pande zote mbili yamezianika nje, za bei rahisi, za nyuzi zisizowahi kumjua kondoo. Bawabu wa hoteli amevaa. Mpuliza zumari la kiriba anayekusanya sarafu za watalii amevaa. Jumamosi hukosi kukutana na vijana wanaokwenda harusini, wote wamevaa, na nyingi ni za kukodi, zitarudi dukani Jumatatu. Mimi namtafuta mtu wa hiyo Jumatatu yenyewe, aliyesimama kituo cha basi asubuhi na kilti yake kwa sababu anakwenda kazini. Huyo simwoni tena.

Nilimjua mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa karani katika ofisi ya bima mjini humo, na jirani yangu wa meza alikuwa mhasibu wa makamo kutoka nyanda za juu za Uskoti. Kilti yake ilikuwa ya sufu nzito, kijani iliyokwisha kufifia: zaidi ya mita 7 za kitambaa, marinda nyuma, bapa mbele. Juu alivaa koti la twidi na tai, chini soksi zinazofika karibu na goti. Kilti haina mifuko, kwa hiyo funguo, kalamu na tiketi ya basi vilikaa katika sporani, ule mkoba wa ngozi unaoning'inia mbele. Kabla ya kuketi aliusukuma mkoba ubavuni, kisha akapitisha kiganja nyuma kuyalaza marinda, upesi, bila kufikiri, kama mama anavyolikusanya buibui lake akipanda matatu. Halafu anafungua daftari la hesabu na siku imeanza.

Wageni waliofika ofisini walimuuliza lile swali la ndani amevaa nini. Sisi wa Mji wa Kale, Mombasa, tuliolelewa na wanaume wa kikoi, tunajua kwamba swali hilo ni utovu wa adabu, basi. (Mwaka 2017 wahudumu wa baa moja ya Inverness waliacha kilti wakarudi kwenye suruali, maana wateja wa kike walikuwa wakiziinua kutafuta jibu wenyewe.) Kilti haikunishangaza hata kidogo. Kilichonishangaza ni kuiona mbele ya daftari la hesabu.

Ami yangu alikuwa karani bandarini Kilindini. Asubuhi alitoka na suruali iliyopigwa pasi na shati la kola. Alasiri, kabla hata ya kuitikia salamu za watoto, aliingia chumbani, na aliyetoka humo alikuwa mtu mwingine: kikoi, fulana, mabega yameshuka. Kikoi kilikuwa cha barazani na kahawa. Kanzu ilikuwa ya msikitini na arusini. Ofisi ilikuwa na mavazi yake, na mavazi hayo yalitoka Ulaya. Sasa nimefika huko Ulaya kwenyewe, namkuta Mzungu anapiga hesabu za bima akiwa na nguo ya babu zake. Nilimwonea wivu, na sijui kama umekwisha.

Yeye mwenyewe hakuwa na hotuba juu ya nguo yake. Siku moja tu, wakati wa chakula cha mchana, alinieleza kwamba baada ya Waskoti wa milimani kushindwa vitani Culloden mwaka 1746, bunge la London lilipiga marufuku vazi hilo. Kosa la kwanza, kifungo cha miezi 6. La pili, kupelekwa ng'ambo miaka 7. Walioruhusiwa ni askari waliolitumikia jeshi la mfalme. Sheria ilifutwa 1782, na mwaka 1822 Mfalme George IV alizuru Edinburgh akiwa ndani ya kilti, amepambwa kwa sherehe ambazo mwandishi Walter Scott ndiye aliyezipanga. Mzee alilisimulia hilo la mfalme kwa dharau kuliko hata lile la kifungo. Wakati huo sikumwelewa.

Baadaye nilimwelewa. Filamu ya Braveheart ilitoka 1995, Uskoti ikapata bunge lake 1999, na kila kijana akaitaka kilti: harusini, kwenye mpira, siku ya mahafali. Kadiri ilivyotukuzwa ndivyo ilivyozidi kuhama ofisini. Mzee alistaafu, kampuni ikaunganishwa na nyingine kubwa zaidi, ukaja waraka wa mavazi unaosema nguo za asili zinakaribishwa katika hafla maalumu. Waraka wenyewe ulikuwa wa upole sana.

Kwetu nako hali si tofauti. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ya Tanzania iliwashinikiza Wamaasai waache shuka wavae suruali. Leo shuka hilo linatakiwa mno, hasa kwenye lango la hoteli ya ufukweni. Mwaka 2023 Spika wa Bunge la Kenya alikataza hata suti za Kaunda ukumbini, akitaka koti, kola, tai, suruali ndefu. Muscat karani wa serikali huvaa dishidasha na kilemba kazini na hakuna anayemwona mcheza ngoma, kwa hiyo jambo hili linawezekana. Unguja nako, Ijumaa, kanzu hupita ofisini bila maelezo. Ijumaa.

Mwanangu amezaliwa Leith, huku huku Edinburgh. Mwaka jana alikodi kilti kwa harusi ya rafiki yake, ikamkaa vizuri kuliko suti yoyote, nikamwambia amtafute fundi amshonee yake ya sufu, aivae hata kazini.

"Baba," akasema, "kazini? Watadhani nimepoteza dau."

Jumatatu akaenda kuonana na wateja wa benki na jinzi iliyochanika magoti yote mawili.