Niliandika "Haitumiki"

Kosa langu ni neno moja. Niliandika "vichaka, ardhi isiyotumika" kwenye ufunguo wa ramani ya kijiji kimoja mkoani Shinyanga, na neno hilo likawapokonya watu malisho yao.

Nilikuwa nimepewa kazi ya kupima jinsi matumizi ya ardhi yalivyobadilika tangu katikati ya miaka ya 1980. Nikachukua picha za setilaiti za Landsat, ambazo tangu 2008 mtu yeyote anazipata bure, nikalinganisha za zamani na mpya. Kila kimraba cha picha hizo ni mita 30 kwa 30, na kompyuta hukipa jina kwa kufuata mwanga unaorudi kutoka ardhini. Jani bichi, kwa mfano, hurudisha infraredi kwa wingi. Picha yangu mpya ilikuwa ya Machi. Nyasi zimesimama, hakuna shamba, hakuna paa la bati, hakuna hata njia ya ng'ombe. Palipokuwa peupe zamani sasa pana miti. Nikahitimisha kwamba wenyewe wamepahama.

Uhakiki nilifanya, lakini kandokando ya barabara, kwa sababu mbuga ilikuwa imejaa maji na udongo ule mweusi hunasa gari. Kwenye vituo vichache nilivyofika nilitazama kama kuna vichaka. Vilikuwepo. Jedwali langu la makosa likatoka safi. Sikumwuliza mtu hata mmoja pale panafanyika nini, na hapo ndipo ninapojilaumu zaidi, maana nilikuwa nimefundishwa tofauti hii: setilaiti huona kilichoota, haioni kwa nini kimeachwa kiote.

Ilikuwa ngitili. Wasukuma hufunga kipande cha malisho mvua zinapoanza, nyasi zikue bila kuguswa, kisha hukifungua kiangazi kinapokaza ili ndama, maksai wa kulimia na ng'ombe dhaifu wapate cha kula. Mimi nilikuta ghala limejaa, nikasema halina mwenyewe.

Na ile miti? Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza 1986, ngitili zilizokuwa zimebaki mkoani hazikuzidi sana hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimevuka hekta 300,000. Wanakijiji wenyewe walifunga, wakalinda, wakatoza faini. Mabadiliko niliyoyapima yalikuwa jasho lao, nami nikayaita kutelekezwa.

Neno hilo lina uzito kisheria. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, inapoeleza ardhi ya jumla, yaani ile isiyo chini ya kijiji, inaingiza humo pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Ramani yangu ilipofika mezani pa wakubwa ilisomwa hivyohivyo, na sehemu ya ngitili akapewa mtu wa nje alime.

Nilirudi Septemba. Mzee aliyenipokea hakugomba. Alinitembeza hadi mpakani: upande mmoja trekta limepita na visiki vimeng'olewa, upande wa pili nyasi kavu zinafika kiunoni, ndama wamo ndani wanakula. Ng'ombe wengine, akasema, mwaka huo wamepelekwa mbali kutafuta malisho, na vijana wawili wameacha shule kuwachunga.

"Mwanangu," akaniambia, "Machi ulipita hapa na gari. Ungesimama ukaniuliza."

Nilimwomba radhi pale pale, nikawaomba na wengine kwenye mkutano wa kijiji. Tulichora ramani upya kwa siku nne, tukitembea kwa miguu, na kila ngitili ikaandikwa inafungwa lini, inafunguliwa lini, na nani anailinda. Kipande kilicholimwa hakijarudi. Ramani ya kwanza, yenye jina langu chini, bado imebandikwa ukutani katika ofisi iliyoniagiza. Nimeandika barua mbili kuomba ibanduliwe, na wiki hii napeleka ya tatu kwa mkono.