Tope Mlangoni

Mwezi huu hatuwapeleki mbugani wala ufukweni. Tunawapeleka Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na tunawapeleka Februari, katikati ya mvua, wakati ambapo mwenye nyumba yake hukaa ndani akaota moto. Tulikuwa wanne. Mwenzetu wa miaka mingi, ambaye amerudi kwao Ileje baada ya mumewe kustaafu, alituletea habari kwamba mkaza mwana wake amebakiza majuma mawili au matatu kujifungua, na gari haliwezi tena kufika mlangoni. Ukingo wa shamba umeporomoka na njia imejaa tope. Tukaona salamu za simu hazitoshi.

Tuliteremka Tunduma asubuhi. Malori yalikuwa yamejipanga kando ya barabara yakingoja zamu ya kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na madereva wakipigia mswaki kwenye matairi yao kana kwamba wako uani kwao. Hatukukaa sana. Tulinunua doti mbili za khanga kwa ajili ya mzazi, sabuni, na mabuti ya mpira jozi nne, ambayo mmoja wetu alidai ni ubadhirifu. (Jioni ya siku ile hakurudia neno hilo.) Kisha tukapanda gari dogo la abiria kurudi upande wa Mbeya hadi Mpemba, tukakata kulia kushika barabara ya Isongole, karibu na Mto Songwe unaotutenga na Malawi. Barabara hiyo sasa ni ya lami, na kwa kweli inateleza vizuri katikati ya mahindi na migomba. Tulipoiacha lami, tulipanda pikipiki. Pikipiki ziliposhindwa, tukapanda mlima kwa miguu.

Hapo ndipo tulipoelewa jambo. Barabara kuu zina TANROADS. Za wilaya na vijijini zina TARURA tangu mwaka 2017. Lakini kile kipande cha mwisho, kutoka barabara ya kijiji hadi mlango wa jikoni, hakina ofisi. Ni cha mama mwenye nyumba na jembe lake. Kwa mwenzetu kipande hicho ni hatua kama sabini, kinateremka katikati ya kahawa, na tulikikuta kimefunikwa na udongo mwekundu, mzito, unaofika magotini. Mkaza mwana alisimama barazani ameshika kiuno, akatuamkia kwa mbali, na hakuna kati yetu aliyeweza kumfikia bila kuvua kiatu.

Usiku ule, karibu na moto, mmoja wetu ambaye binti yake ameolewa Kanada alitoa simu akatuonyesha picha. Mkwewe ameketi juu ya pikipiki ya magurudumu manne, na mbele yake limefungwa bamba pana la chuma, kama koleo kubwa lililolazwa ubavu, akisukuma theluji kutoka kwenye njia ya kuingilia nyumbani. Sisi wa nyanda za juu tunaijua sakitu ya Juni na Julai, na tumewahi kuona mvua ya mawe ikifanya ua mweupe kwa nusu saa. Lakini theluji ya kuzika njia hatujaiona. Mwenzetu akatueleza alivyosimuliwa na binti yake. Hawangoji theluji ijae. Mtu hutoka mara mbili au tatu ingali inaanguka. Bamba halikandamizwi chini kabisa, maana litazoa na kokoto zote. Theluji ya kwanza husukumwa mbali sana kuliko inavyoonekana ni lazima, kwa sababu marundo ya kando huganda, na kila ikianguka nyingine njia inazidi kuwa nyembamba. Tena huruhusiwi kuimwaga barabarani. Katika miji mingi kule unatozwa faini. Hapo tulicheka. Faini kwa ajili ya kusukuma maji yaliyoganda!

Kijana wa nyumba ya pili alikuwa anasikiliza. Kesho yake asubuhi tulisikia mngurumo, tukatoka. Alikuwa amekuja na pawatila, ile mashine ya dizeli ya magurudumu mawili inayoshikwa mikono kwa nyuma, ambayo wakulima wengi walianza kuifahamu wakati wa Kilimo Kwanza, mwaka 2009 na baada yake. Mbele yake alikuwa amefunga kwa nati na waya kipande cha pipa la chuma lililopasuliwa, tena amekiweka mshazari.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo ya Kanada hiyo?"

"Ndiyo ya Ileje."

Haikuwa kazi nyepesi. Mara mbili bati liling'oka, na mara moja mashine ilizama tukaisukuma sisi wenyewe, wanawake watano na mwanamume mmoja mstaafu. Tope si theluji. Linashika, na ukiliacha halitayeyuka kamwe. Lakini kabla ya saa nane mchana njia ilikuwa wazi. Bati lile la mshazari lilikuwa linalaza tope lote upande mmoja, upande wa bondeni, na sisi tulikuwa tunalishindilia kwa majembe lisirudi. Tulisifiana sana. Tulipika ugali na maharage tukala kama watu waliojenga daraja.

Usiku mvua ilinyesha tena. Kabla ya mapambazuko tukasikia hodi. Alikuwa jirani wa chini, bibi mjane anayeishi na wajukuu wawili, amejifunika gunia la nailoni, miguu imejaa matope. Hakugomba. Alisema, "Wanangu, maji yameingia jikoni kwangu. Sijui yametoka wapi." Sisi tulijua. Rundo letu lilikuwa limeziba mtaro unaopita juu ya nyumba yake, na maji yalipokosa njia yalimfuata yeye. Moto ulikuwa umezimika, kuni zinaelea, na debe la maharage ya mbegu limelowa hadi chini.

Hatuna haja ya kueleza tulivyojisikia. Mwenyeji wetu alishindwa kumtazama usoni. Tulichukua majembe gizani, tukafungua mtaro kwanza, na palipopambazuka tukaanza kulibeba lile tope kwa makarai, karai baada ya karai, hadi kwenye shimo la matofali la zamani upande wa pili wa barabara. Kazi ambayo mashine iliifanya kwa nusu siku ilituchukua siku mbili kuirekebisha. Tulichimba pia mtaro mpya juu ya njia, kule ulikoporomokea ukingo, kazi ambayo ingepaswa kutangulia yote; kisha tukamwaga changarawe katikati pakawa na kigongo ili maji yagawanyike. Maharage tuliyaanika barazani juu ya khanga moja mpya, lakini hatukuwa na matumaini nayo, tukachanga fedha bibi akanunue mbegu nyingine. Alizipokea kwa mikono miwili. Tungependa kusema aliturudishia tabasamu. La, alishukuru tu, akarudi kuanika kuni.

Siku ya nne gari lilishuka hadi mlangoni. Mkaza mwana akaingia polepole, na kifurushi chake cha nguo za mtoto, akapelekwa Itumba, makao makuu ya wilaya, kwa shangazi yake anayekaa karibu na hospitali, ili siku ikifika asihitaji njia ya mtu.

Tulipokwenda kumuaga bibi, tulimkuta amewasha moto. Akatukaribisha chai. Mwenzetu, labda kwa kukosa la kusema, akamwonyesha ile picha ya Kanada. Bibi aliishika simu kwa muda mrefu, akaisogeza karibu na mwanga, akaiinamisha kana kwamba angeweza kuona kilichopo nje ya picha.

"Jirani wao wa chini anakaa wapi?"

Tukamwambia kule ni tambarare, na theluji ikifika wakati wake huyeyuka yenyewe.

"Ikishayeyuka," alisema, akimrudishia simu yake, "maji yanakwenda kwa nani?"