Risasi za Mshipi, Nyansiongo

Kabla ya serikali kuyanunua mashamba ya Borabu na kuyagawa, Nyansiongo ilikuwa nchi ya walowezi. Walifuga ng'ombe wa maziwa na kulima pareto hadi mpakani na Sotik, nasi Abagusii tulivuka kutoka upande wetu kwenda kutafuta kibarua. Baba yangu alikuwa mkamaji katika shamba mojawapo. Mimi niliingia jikoni kwa bwana mwenye shamba hilo nikiwa bado kijana mdogo, katikati ya miaka ya hamsini, kuosha vyombo na kuchochea moto. Muda si mrefu nikapewa kazi nyingine ambayo hata wenzangu wa shambani hawakuijua: kuosha maganda ya risasi.

Yule bwana alikuwa mwindaji. Nyati aliwafuata upande wa Mau na wa Mara, na bunduki yake kubwa ilikuwa .375 ya Holland & Holland, ambayo wakati ule ilikuwa ikisifiwa Afrika Mashariki yote. Kampuni hiyo ya London iliitoa risasi hiyo mwaka 1912. Ganda lake ni refu, milimita 72 na kitu, limechongoka taratibu kuanzia kitakoni hadi shingoni, na kichwa chake kizito kina gramu 19 na zaidi. Lilichongoshwa hivyo ili litoke kwa urahisi kwenye mtutu uliochomwa na jua, na pia liweze kubeba baruti ya kale ya Waingereza iliyokuwa na umbo la nyuzinyuzi. Lakini bega la ganda la namna hiyo lina mteremko wa taratibu mno, haliwezi kuizuia risasi isizame ndani ya bunduki. Ndiyo maana wakalivisha mshipi: ukingo mnene wa shaba unaozunguka kitako. Mshipi ule ndio unaogota mdomoni mwa chumba cha risasi na kuishika mahali pake.

Risasi mpya zilikuwa ghali. Zilitoka Ulaya kwa meli hadi Mombasa, kisha reli, kisha lori, na kila boksi lilihitaji kibali. Kwa hiyo yule bwana alizijaza upya mwenyewe nyumbani, kwenye meza nzito iliyokuwa katika chumba kando ya stoo ya maziwa. Ganda ndilo sehemu ghali ya risasi, na ndilo pekee linalobaki baada ya mlio. Mwindaji anaondoka porini na maganda yake mfukoni.

Si kila ganda lilifaa. Yale ya Kynoch ya Uingereza aliyaweka kando, kwa sababu tundu la fataki, kile kikombe kidogo cha kitakoni kinachoiwasha baruti, lina vitobo viwili vidogo pembeni na fataki ya zamani haitoki kwa kusukumwa. Aliyapenda ya Kimarekani yenye kitobo kimoja katikati, ambayo msumari mwembamba unapita juu na kuidondosha fataki iliyokwisha kulia. Baadaye sana nilisoma kwamba fataki ile inayotumiwa na Wamarekani ilibuniwa na Mwingereza, Edward Boxer, na ile ya Ulaya ilibuniwa na Mmarekani, Hiram Berdan. Kila upande ulichukua mali ya mwenzake.

Nilianza na maji ya moto na sabuni. Ndani ya ganda kuna masizi meusi yenye harufu kali, na niliyasugua kwa brashi ya chupa hadi maji yakatoka safi. Kisha niliyaanika juani juu ya gunia, midomo ikitazama chini. Ilikuwa marufuku kuyakausha jikoni, kwani moto wa jiko unailainisha shaba na ganda lililolainika kitakoni ni hatari kwa macho ya mpigaji.

Halafu ilikuja kazi ya waya. Yule bwana alikuwa na waya mwembamba wa chuma, ncha yake imekunjwa kidogo na kunolewa. Unauingiza ndani ya ganda hadi chini, unaubana ukutani, kisha unauvuta juu polepole. Ganda zima likiwa salama, ncha inateleza tu. Likiwa limechoka, ncha inaanguka kwenye mfereji mdogo juu kidogo ya pale mshipi ulipo, mfereji usioonekana kwa jicho. Nje, mahali hapohapo, wakati mwingine hutokea mstari unaong'aa ukilizunguka ganda lote. Likiwa na mstari huo, lilipigwa nyundo na kutupwa, hata kama limetumika mara mbili tu.

Nilikuja kuuelewa ugonjwa huo vizuri nilipokuwa fundi wa mitambo. Mshipi unaishika risasi kwa nyuma, lakini mbele, kati ya bega la ganda na bega la chumba, panabaki nafasi. Baruti inapowaka, ukuta wa ganda unagandamana na chuma, kitako kinarudi nyuma, na shaba inavutika pale ukuta unapoanza kuwa mwembamba. Ukilirudisha ganda kwenye kalibu, chuma cha kulirudishia umbo lake, na kulibana hadi mwisho, unalirudishia nafasi ileile, nalo linavutika tena. Siku moja linakatika. Kitako kinatoka, bomba la shaba linabaki limenasa ndani ya bunduki, na risasi ya pili haiingii. Hapo nyati aliyejeruhiwa akija, huna silaha tena. Dawa yake ni kutoikaza kalibu hadi chini, ili ganda lishikwe na bega lake na mshipi ubaki bila kazi. Yule bwana alilijua hilo. Viwanda navyo viliendelea kuuweka mshipi kwenye risasi mpya, hata .300 ya Winchester ya mwaka 1963 ambayo bega lake lingetosha kabisa kuishika. Kwa maoni yangu pale mshipi ulikuwa wa kuuzia bunduki tu.

Kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa vyembamba na vyepesi, aliniachia waya ule. Alikuwa akirudia kupima machache kwa uhakika, kisha hata hilo akaliacha. Nyati aliowaendea aliwaendea kwa kutegemea ncha ya waya iliyoshikwa na mtoto wa mkamaji. Baruti na mizani hakuniruhusu kuvigusa. Nilimwona kupitia mlangoni usiku, taa imewekwa mbali, kiko hakimo mdomoni, akipima ganda baada ya ganda, na kila lililojazwa akiliandika kwenye daftari.

Daftari hilo ndilo lililotutia matatani. Serikali ilikuwa imetangaza Hali ya Hatari dhidi ya Mau Mau mwezi Oktoba 1952, na sheria zake zilimpeleka kwenye kitanzi Mwafrika aliyekutwa na silaha au risasi bila ruhusa. Kisii hatukuwa katika vita vya msituni, lakini hofu haikuwa na mpaka. Jioni moja hesabu ya risasi haikukubaliana na daftari. Ilipungua moja. Askari wakaja usiku huo. Tulitolewa nje sote, wapishi, wakamaji, wachungaji wa Kikipsigis, wake na watoto, tukakalishwa chini kwenye baridi huku nyumba zetu zikipekuliwa. Vyungu vilimwagwa unga. Baba alipigwa kofi mbele yetu kwa kuuliza wanatafuta nini.

Risasi haikupatikana. Siku chache baadaye dhobi, mzee mmoja mpole, alipokuwa akikagua mifuko ya koti la kuwindia kabla ya kuliloweka, aliishika. Ilikuwa ndani ya koti la bwana mwenyewe. Akaliachia koti likaanguka juu ya jiwe la kufulia, akaniambia, "Kijana, kimbia umwite memsahibu. Mimi siibebi." Nikamwambia, "Tata, ni hatua chache tu hadi nyumbani." Akajibu, "Hatua hizo chache nani ataniona nayo mkononi?" Akasimama pembeni mikono imenyooshwa ili kila mtu aione mitupu, hadi memsahibu alipofika na kuichukua. Hatukuambiwa pole. Kesho yake maganda yaliletwa jikoni kama kawaida, na waya wangu juu yake.

Wakati uleule, msituni Aberdare na Mlima Kenya, wapiganaji wa Mau Mau walikuwa wakiunda bunduki kwa mabomba ya maji, makomeo ya milango na mipira ya baiskeli. Nyingi ziliwalipukia mikononi. Kiongozi wao Dedan Kimathi alipokamatwa Oktoba 1956 alishtakiwa kwa kukutwa na bastola na risasi sita, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Nimefanya kazi na chuma maisha yangu yote, na ninasema hivi: mtu aliyetengeneza komeo la bunduki kwa tupa moja chini ya mianzi alikuwa fundi, sawa na yule aliyekaa mezani na mizani ya Kimarekani. Ujuzi mmoja uliitwa burudani ya jioni, mwingine ukaitwa kifo, na kilichotenganisha viwili hivyo ni rangi ya mikono.

Mashamba yaligawanywa mwanzoni mwa miaka ya sitini, kwa mikopo ambayo baba zetu waliilipa kwa maziwa na pareto miaka mingi. Yule bwana aliondoka na bunduki zake. Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kazi niliyofundishwa ilikuwa imekwisha maana nchini.

Lakini vilivyoachwa ardhini havikuondoka. Mpaka leo mtu akichimba shimo la choo au akilima penye nyumba za zamani za walowezi anaweza kuibuka na ganda la shaba, kijani kwa kutu. Nakuomba wewe uliyerithi shamba la namna hiyo, utazame bila kushika. Kama kichwa bado kipo, au fataki ya kitakoni haina kovu la pini, hiyo haijalia, na miaka sitini ardhini haikuifanya kuwa salama. Usiioshe, usiigonge, usiitupe motoni, usimpe fundi akakufungulie. Waondoe watoto, weka alama, kisha uwaite polisi waje waichukue wenyewe. Kuiweka kabatini kama ukumbusho hakufai, maana kwa sheria yetu ya silaha hata risasi moja bila cheti ni kosa la jinai.