Taa ya wati kumi na udongo wa kwetu



Wengi wenu mmeshapita kwenye chumba cha kusomea cha watoto na kuliona lile tangi la kioo juu ya meza, na maswali yamekuwa mengi kuliko majani yaliyomo ndani. La kwanza liliulizwa kwenye mkutano wa likelemba, na lilikuwa la haki: samaki wa kuangalia tu, wasioliwa na bukari, wana faida gani? Feza za sanduku si za kuchezea. Sisi walimu watatu tuliopewa kazi hiyo tulijibu siku ile kwa maneno machache. Leo tunajibu kwa urefu, kwa kuwa vikundi viwili vimetuambia vinataka kufanya la kwao.

Jibu letu ni hili. Kila mwaka watoto wetu wanaimba darasani kwamba mmea unatumia mwanga kujitengenezea chakula na kutoa hewa safi. Wanaandika hivyo kwenye mtihani, wanapata alama, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuona jambo hilo likitokea. Kwenye mhindi huwezi kuliona. Ndani ya maji linaonekana: taa ikiwa imewaka saa kadhaa, jani linaanza kutoa vipovu vidogo kama shanga, kimoja baada ya kingine, vinapanda juu. Mtoto akishaona hivyo humkaririshi tena. Kwa ajili ya vipovu hivyo ndiyo tuliomba feza, na kwa ajili ya vipovu hivyo tulilazimika kuchagua vizuri mambo mawili, mwanga na tandiko la chini. Hayo mawili yakikosewa, mimea inaoza, maji yananuka, na waliotupinga wanakuwa wamesema kweli.

Muuzaji mmoja wa Lubumbashi alitushauri tununue changarawe za rangi ya waridi na taa ya bluu. Zinapendeza, hatukatai. Lakini changarawe ya rangi haina chakula cha mzizi, na taa ya bluu peke yake inapendezesha macho yetu zaidi ya kulisha majani. Tulirudi bila changarawe.

Tuanze na mwanga. Vitabu vingi vya akwariumu vimeandikwa Ulaya, na vinasema usiweke tangi kwenye dirisha la kusini kwa kuwa ndiko jua linakoingia. Hapa kwetu mambo ni kinyume. Sakania iko kusini ya ikweta, karibu digrii 13, na kwa sehemu kubwa ya mwaka jua letu la mchana linapita upande wa kaskazini. Ni kuanzia karibu mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Februari tu ndipo linahamia kusini kidogo, na hiyo ni miezi ya mvua na mawingu. Kwa hiyo dirisha linalotazama kusini ndilo lenye mwanga mpole. Jua kali likipiga kioo moja kwa moja, maji yanapata joto na mwani unaota, ule utelezi wa kijani unaofunika kila kitu. Tuliwapa watoto wa darasa la tano kazi ya kuweka kijiti uani na kuchora kivuli chake saa sita mchana, kabla hatujaamua meza ikae wapi. Somo la jiografia likapatikana bure.

Dirisha peke yake linaweza kutosha? Linaweza. Mwaka 1850 mwanakemia mmoja wa London, Robert Warington, alieleza jinsi alivyoweka pamoja samaki wawili wa rangi ya dhahabu, mmea wa valisneria na konokono kwenye chombo cha maji chenye mchanga na matope chini, vikaishi kwa kusaidiana. Taa ya umeme hakuwa nayo. Lakini chumba chetu kina dirisha moja dogo, tena lina matundu ya mbao, kwa hiyo taa ilihitajika.

Tangi letu lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Likijaa kabisa ni lita 54. Kwa mimea isiyodai mengi, kipimo cha kawaida ni lumeni 20 hivi kwa kila lita, maana yake lumeni 1,000 au pungufu kidogo. Taa moja ya LED ya wati 10 inafika hapo. Soma kwenye kasha: tafuta nyeupe ya mchana, ile iliyoandikwa kelvini 6,500 au karibu na hapo. Ile ya manjano ya sebuleni haitaua mmea, ila kwa kazi hii nyeupe ni bora. Msishawishike na taa kubwa. Mwanga mwingi juu ya mimea michache na midogo unalisha mwani kwanza.

Sasa delestaji. Hapo ndipo tulipobishana jioni mbili nzima, chai ikaisha. Mmoja wetu alitaka taa ya umeme wa ukutani kwa kuwa ni rahisi. Wawili tulitaka jua. Hoja iliyoshinda haikuwa ya bei. Mmea unataka utaratibu: saa nane za mwanga kila siku, kwa wakati uleule. Siku moja ya giza haiudhuru. Kinachouvuruga ni mazoea ya kuwasha saa tatu leo, kesho kuwasha kumi na tano ili kufidia. Tena volti 220 karibu na maji, katika chumba cha watoto wenye mikono yenye maji, hatukuzipenda. Taa yetu ni ya volti 12. Wati 10 kwa saa nane ni wati-saa 80. Betri ya volti 12 yenye amperi-saa 20 inabeba wati-saa 240, na betri ya asidi haipendi kukamuliwa zaidi ya nusu, kwa hiyo tunabaki na 120, zinazotosha na kubakiza. Paneli ya wati 50 inaijaza hata siku ya jua la kubabaisha. Jioni betri hiyohiyo inawasha taa ya kusomea. Hilo ndilo lililomtuliza mama mweka hazina, na tunamwelewa.

Tandiko la chini halikutugharimu hata franka moja, lakini lilitaka akili zaidi ya taa.

Wapenda akwariumu wa Ulaya wamekuwa wakinunua udongo mwekundu wa nchi za joto, kwa sababu una chuma, na chuma ni chakula cha jani la kijani. Sisi tunaufagia mlangoni kila asubuhi. Mmarekani mmoja, Diana Walstad, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1999 namna ya kutumia udongo wa kawaida chini na kuufunika kwa mchanga au changarawe, na ndiyo njia tuliyofuata: udongo sentimita tatu, mchanga sentimita tatu juu yake. Watoto walipiga hesabu: 60 mara 30 mara 3, ni lita tano na nusu kasoro kidogo za kila kimoja. Usizidishe. Udongo mzito sana unakosa hewa na kutoa harufu ya mayai mabovu.

Lakini udongo gani? Nchi yetu ni nchi ya shaba, na shaba ikizidi kwenye maji inaua samaki, na konokono kabla yao. Ndiyo maana chumvi ya shaba iliwahi kutumiwa kuua konokono wa kichocho. Msichimbe karibu na mgodi, wala kando ya njia ya malori ya madini, wala kwenye kijito ambacho wachimbaji wanaoshea mawe yao. Wazee wanajua pia vile vilima vitupu visivyoota miti, vyenye majani mafupi na maua madogo ya zambarau. Wataalamu wanaliita ua hilo Haumaniastrum katangense, na watafuta madini walilifuata kuipata shaba. Ukiliona, ondoka na ndoo yako. Sisi tulichota kwenye bustani ya zamani ya mboga, mahali mchicha na lengalenga vimeota vizuri miaka mingi bila mbolea ya dukani.

Mama mmoja alipendekeza udongo wa kichuguu, ule ambao wajawazito wanapenda kuutafuna. Ni mzuri kwa matofali. Ila vichuguu vikubwa vya Katanga mara nyingi vimekusanya chokaa ndani, na chokaa inafanya maji kuwa magumu. Jaribuni kwa siki: tone kidogo juu ya udongo mkavu au mchanga, ukichemka na kutoa povu, kuna chokaa, uacheni. Kwa samaki wa ziwa Tanganyika, wale wa Kalemie na Moba wanaopelekwa hadi Ulaya, chokaa ni neema, maana maji yao ni magumu kwa asili. Nyumba yao ni ya mawe na mchanga, si bustani kama hii.

Udongo chekecheni, toeni mizizi na majani, loweka siku tatu, mwageni kinachoelea. Mchanga wa mtoni osheni mpaka maji yatoke kama ya kunywa. Sisi tuliuosha mara kumi na moja, na Salongo ya Jumamosi ile ikaishia hapo.

Mimea tuliitoa kijitoni: valisneria yenye majani kama utepe, na ile isiyo na mzizi inayofanana na mkia wa paka, seratofilamu. Hapa tunawaomba mtusikilize kama mama kwa mama. Asitumwe mtoto majini. Kichocho kinaingia kwa ngozi. Vuta mmea kwa fimbo ndefu ukiwa ukingoni, vaa glavu na buti, ondoa kila konokono, kisha uache mmea kwenye ndoo siku tatu ukibadilisha maji, bado kwa glavu. Vijidudu vya kichocho vilivyo majini haviishi zaidi ya siku mbili hivi bila kumpata mtu. Konokono watakaoanguliwa baadaye kutoka kwenye mayai hawana ugonjwa, kwa kuwa mdudu hapitii kwenye yai.

Wiki nne za mwanzo hakuna samaki. Udongo mpya unatoa sumu kidogo, na maji yanabadilishwa nusu kila baada ya siku tatu au nne. Maji yasiyo na samaki ni kitanda cha mbu, kwa hiyo funikeni kwa kipande cha chandarua kilichochakaa. Baadaye samaki wenyewe wanakula viluwiluwi. Tuliweka sita, wadogo wa kijitoni, urefu wa kidole. Tilapia hapana, anang'oa kila kitu. Kipasha joto hatukununua: kingekula wati 50 hivi, na samaki hawa wanaijua baridi ya Juni na Julai kuliko sisi.

Vipovu vilionekana wiki ya sita, saa kumi jioni, na darasa zima lilitaka kuwa mbele.

Udongo uliobaki, uliochekechwa, uko kwenye mifuko miwili nyuma ya chumba cha kusomea. Unatosha matangi mawili kama letu. Wawakilishi wa vikundi vile viwili waje Jumanne baada ya masomo, kila mmoja na ndoo yake, na siki kidogo kwa ajili ya mchanga wao.