Barua kutoka Leeds: Kishindo cha sungura kina jambo



Katika mambo ya Uingereza ambayo ni vigumu kumsimulia mtu wa Tanga au Kisumu akakuamini, sungura wa sebuleni yumo. Miongoni mwa wanyama wa manyoya wafugwao majumbani hapa, anawafuata mbwa na paka. Ana daktari wake, ana chanjo zake, mfugaji akitaka humkatia hata bima, na siku hizi wengi wametolewa bustanini wakaingizwa ndani, wanazunguka vyumba kama wenye nyumba. Kinacholeta ugomvi ni kishindo. Sungura akiikita miguu ya nyuma sakafuni, hutoka mlio mzito usiolingana kabisa na mnyama wa kilo mbili, na katika fleti zenye sakafu ya mbao jirani wa chini huamshwa nao alfajiri. Hapo mwenye sungura huanza kutafuta dawa ya kumnyamazisha. Ninachotaka kusema katika barua hii ni kwamba mtu huyo ameanzia mwisho. Kishindo ni taarifa, na hupungua pale mwenye nyumba anapokwisha kujua ni taarifa ya nini. Anayekiadhibu kabla ya kukielewa hukizidisha.

Tuanzie kwenye asili, maana sungura huyu si yule mjanja wa hadithi zetu. Yule wa ngano ni wa porini kwetu: hulala juu ya ardhi katikati ya nyasi, hutegemea mbio zake, na watoto wake huzaliwa wakiwa na manyoya na macho wazi. Huyu wa kufugwa, pamoja na wale walio mabandani Kiambu na Arusha, ametokana na sungura wa Ulaya, Oryctolagus cuniculus, ambaye kwao ni Hispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa. Kazi yake ni kuchimba. Huishi kwa jamii katika mashimo yaliyounganishwa kwa njia nyingi, na watoto wake huzaliwa uchi na vipofu, wakategemea usalama wa shimo. Muda wowote baadhi ya jamaa wako juu wanakula na wengine wako chini. Tena ni mnyama mkimya: ukelele wake husikika akiwa mikononi mwa adui au katika maumivu makali, na wakati huo umeshachelewa kumsaidia mwenziwe. Kwa maisha ya namna hiyo, pigo linalopita kwenye udongo ni njia bora ya kuonya, kwa kuwa huwafikia wa juu na wa chini kwa pamoja. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Kwa bahati mbaya watu wengi wa huku walikutana na kishindo hiki kwanza kwenye filamu ya Bambi ya mwaka 1942, ambamo sungura mdogo Thumper anapiga mguu kwa mbwembwe, wakakua wakidhani ni mchezo. Anayetaka kumwelewa sungura afadhali amsome Ronald Lockley, mtaalamu wa viumbe wa Wales aliyewachunguza sungura wa porini kwa miaka na kuchapisha The Private Life of the Rabbit mwaka 1964.

Malalamiko ya kawaida ni kwamba mnyama anapiga kishindo bila sababu: usiku umetulia, mlango umefungwa, hakuna kitu. Lakini aliyeamua kwamba hakuna kitu ni binadamu, kwa macho na masikio ya binadamu. Macho ya sungura yako pembeni mwa kichwa na huona karibu pande zote kwa wakati mmoja. Masikio yake hunasa milio ya juu tusiyoisikia sisi, ikiwamo ile inayotolewa na baadhi ya vifaa vya umeme. Pua yake hujua kwamba mbweha amepita nje, na mbweha wa mjini ni jambo la kila usiku katika miji ya Uingereza, huchakura mapipa ya taka na kukatiza bustani za watu. Ongeza mabomba ya joto yanayogonga ukutani wakati wa baridi, na paka wa jirani aliyekaa kwenye kizingiti cha dirisha. Tena sungura huchangamka zaidi alfajiri na jioni, na nyakati hizo hapa hazikai mahali pamoja kama kwetu karibu na ikweta. Mwezi Desemba jua la Leeds huzama kabla ya saa kumi alasiri. Mwezi Juni hutoka kama saa kumi na nusu alfajiri, watu wakiwa usingizini. Anayeshangaa kwa nini mnyama wake amekuwa msumbufu majira ya joto aangalie kwanza saa ya mapambazuko. Na anayeshangaa kwa nini kishindo hakikomi mwanzoni mwa Novemba akumbuke kwamba tarehe 5 Waingereza hulipua fataki kuadhimisha kushindwa kwa njama ya mwaka 1605 ya kulipua Bunge lao. Ukihesabu yote hayo, vishindo vingi visivyo na sababu hupata sababu.

Hata hivyo nisionekane nasema kila kishindo ni hofu. Vipo vya hasira na kukataa, na hapo ndipo kazi ya kupambanua inapoanza. Mwenye hofu hukakamaa, masikio juu, macho yametoka hadi weupe unaonekana, ameelekea upande mmoja, naye hurudia kishindo kwa vipindi. Aliyeudhika hupiga mara moja au mbili, mara nyingi baada ya kukatwa kucha, kubebwa bila kutaka au kufungiwa, kisha hukupa mgongo na kuondoka akirusha miguu nyuma. Wapo wanaosukumwa na damu ya ujana: dume au jike ambaye hajafanyiwa upasuaji wa uzazi huizunguka miguu ya watu, hurusha mkojo, hulinda eneo lake na hukita miguu kuliko kawaida. Kwa hao, kuhasi dume na kumtoa jike kizazi hupunguza mengi, na kwa jike ni kinga pia dhidi ya saratani ya kizazi, ambayo huwapata majike wengi wakiendelea kuzeeka. Mwisho wapo wenye maumivu. Sungura huficha ugonjwa kwa sababu porini mgonjwa ndiye huliwa kwanza. Kishindo kikiandamana na kujikunyata, kusaga meno kwa nguvu, kuacha kula au kutopata choo, huyo apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, maana tumbo la sungura likisimama linaua upesi. Sababu ziko nne, na dawa ya moja ni sumu kwa nyingine: anayempuuza mwenye maumivu kwa kudhani amenuna anaweza kumpoteza. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni daftari. Andika saa, mahali, mkao wa mwili na kilichotangulia, kwa wiki mbili hivi, kabla hujajaribu kubadilisha chochote.

Pingamizi la kwanza ni la wenye kuamini adhabu: mbwa hufokewa akaacha, kwa nini sungura abembelezwe? Tukiacha kwamba wakufunzi wengi wa mbwa nao wanaikimbia njia hiyo, sungura ni mnyama wa kuwindwa. Ukimfokea, ukapiga kizimba au kumrushia maji, unamthibitishia kwamba alikuwa sahihi, kwani ameonya kuwa kuna hatari, na hatari imetokea, nayo ni wewe. Anaweza kunyamaza kwa muda kwa kuganda, na kuganda kwa hofu hakuna uhusiano na utii. Baadaye atakuwa mwepesi zaidi wa kushtuka, na atakuogopa wakati unapohitaji kumshika kwa tiba. Kumkamata kwa nguvu kuna hatari yake ya pekee: mifupa yake ni myepesi na misuli ya miguu ya nyuma ina nguvu kupita kiasi, hivyo akirusha teke akiwa ameshikwa vibaya huweza kujivunja mgongo mwenyewe.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Linasema: ukikimbilia kila kishindo, utamfundisha mnyama kukuamrisha. Ni kweli, na sayansi inaliunga mkono. B. F. Skinner, kwa majaribio yake ya panya na njiwa huko Marekani, alionyesha kwamba tendo linalolipwa hurudiwa, na kwamba lile linalolipwa mara moja moja, bila mpangilio, huwa gumu zaidi kung’oka kuliko linalolipwa kila mara. Mtu anayevumilia vishindo kumi kisha akatupa kipande cha karoti ili apate usingizi anajenga tabia sugu kuliko angekitupa mwanzoni. Lakini hoja hii haivunji ya kwangu. Inaonyesha kwa nini kupambanua ni lazima. Kishindo cha hofu hakiongezwi kwa kuondoa kinachotisha: ukifunga pazia jioni, ukifunika nusu ya kizimba, ukaweka sanduku lenye milango miwili ili asijione amenaswa, hofu imepungua na haja ya kuonya imepungua nayo. Kishindo cha madai ndicho kisicholipwa. Chakula kiwe na saa yake, kitolewe sungura akiwa ametulia, na mlango ufunguliwe wakati wa ukimya. Mwenye nyumba ajue pia kwamba tabia iliyozoea kulipwa, ikinyimwa, huzidi kidogo kabla ya kufa. Wengi huvunjika moyo katika siku hizo, wakatoa karoti, na kazi ikaanza upya.

Jirani wa chini naye ana haki, na hapa ndipo watu wetu wengi ughaibuni wanapokutana na suala hili, kwani tunaishi kwenye nyumba za kupanga zenye kuta nyembamba. Haki hiyo haitimizwi kwa kumwambia jirani habari za mashimo ya Hispania. Hutimizwa kwa zulia nene na godoro la sponji chini ya eneo la sungura, kwa kulihamisha eneo hilo lisiwe juu ya chumba cha kulala cha mwenzio, na kwa kumchosha mnyama jioni ili alfajiri imkute ametosheka. Kinachosaidia kuliko vyote ni kitu ambacho mpangaji hukionea uchungu: nafasi na mwenzi. Shirika la kutetea sungura hapa, Rabbit Welfare Association & Fund, linapendekeza eneo la mita 3 kwa 2 kwa sungura wawili, na kimo cha mita 1. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006, inayotumika England na Wales, inamtaka mfugaji ampe mnyama mazingira yanayomfaa, nafasi ya kutenda mambo ya maumbile yake, na kuishi pamoja na wenzake au mbali nao kadiri inavyohitajika. Sungura aliyezaliwa kuishi na kundi, akiwekwa peke yake ndani ya sanduku, hubeba zamu yote ya ulinzi mwenyewe. Hapana ajabu akiwa mlinzi mwenye makelele.

Najua pingamizi la nyumbani: yote haya ni anasa ya watu walioshiba, sungura ni kitoweo. Waingereza nao walimla, na hawajaacha wote. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia serikali yao ilihimiza raia wafuge sungura uani kwa ajili ya nyama. Kizimba chembamba cha mbao kinachouzwa madukani hadi leo ni mrithi wa ufugaji huo: kilifaa kwa mnyama wa kukaa miezi michache kabla ya kuingia chunguni, hakikukusudiwa wa kukaa miaka. Zaidi ya hapo, mfugaji wa nyama ana sababu ya kipesa ya kukisoma kishindo. Jike akikita miguu bandani usiku huenda kuna nyoka, mbwa wa mtaani au siafu, na siafu humaliza banda kabla hakujapambazuka. Jike aliyezaa akishtuliwa mara kwa mara huweza kuwakanyaga watoto, kuwaacha au hata kuwala. Anayetoka na tochi kukagua anaokoa mtaji wake. Anayegonga banda ili anyamaze anaweza kukuta hasara asubuhi. Kwa hiyo elimu hii inamfaa anayempenda sungura na anayemla.

Vipo vishindo ambavyo havitakoma kwa njia yoyote, kwa sababu mnyama huyu ameumbwa kuonya. Mfugaji anaweza kuvipunguza na kuvifanya visimwumize jirani, basi. Sungura akitunzwa vizuri huishi miaka 8 hadi 12. Mtoto wa miaka 8 anayenunuliwa sungura wakati wa Pasaka, kama ilivyo desturi ya baadhi ya familia hapa, anaweza kuwa anaomba nafasi chuo kikuu huku mnyama yule bado anakita miguu sebuleni. Hapo ndipo vituo vya kuokoa wanyama vinapojaa sungura walioitwa wasumbufu. Anayeishi ghorofani, asiye na mita za kutosha, wala fedha ya mwenzi wa pili na ya daktari, wala subira ya kuandika daftari kwa wiki mbili, asinunue sungura. Kumwambia hivyo kabla hajalipa ni kumtendea haki yeye, jirani yake na mnyama, kuliko kumfundisha baadaye mbinu kumi za kumnyamazisha kiumbe aliyekuwa anasema kweli.